Wifi Yangu na Mtoto wa Gereji

Jumapili ile ibada ilipokwisha, hakuna mtu aliyethubutu kumwuliza mume wangu kwa nini jana yake alisimama katikati ya mchezo wa dada yake akatoka nje. Walimwuliza habari za mgongo, habari za gari, habari za mvua. Aliyevutwa pembeni nilikuwa mimi. Wanawake wa kanisani, kila mmoja na kofia yake nyeupe, walinizunguka wakinong'ona, "Makerita, kwenu kwema? Peniamina ana hasira?"

"Ana njaa," nikawajibu.

Na kweli alikuwa na njaa. Hayo mengine hakuniambia hata mimi ninayelala naye kitanda kimoja.

Mchezo ulikuwa wa wifi yangu Ianeta. Kauandika yeye, kauongoza yeye, na jukwaani alipanda yeye mwenyewe. Miaka yote alikuwa akicheza katikati ya jiji, na Wellington, na kwenye matamasha ya ng'ambo, mbele ya Wazungu waliovaa nguo nyeusi wanaopiga makofi kwa ncha za vidole. Kwetu Mangere, mtaa wa Wasamoa hapa New Zealand, hakuwahi kuleta hata kipande. Safari hii akaniambia, "Wifi, nimechoka kumsimulia mama yangu kwa watu wasiomjua mama yangu." Akachukua ukumbi wa kwetu, jirani na maktaba, akabandika picha mpaka kwenye duka la nyama.

Mume wangu hakuwahi kuona mchezo wa dada yake hata mmoja, na si kwamba hampendi. Anampenda kupita kiasi. Ila kwetu sisi Wasamoa, kaka na dada hawakai chumba kimoja penye habari za mapenzi. Televisheni ikianza tu kuonyesha watu wanasogeleana midomo, mmoja wao anakumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua. Peniamina ameanua nguo maisha yake yote. Sasa Ianeta, kwa kumjua kaka yake, alilitoa busu lililokuwa mwisho wa mchezo. Badala yake mwanamke anampangusa mumewe uso kwa kitambaa chenye maji, mume aliyerudi kutoka mashambani kuchuma matunda, basi, taa zinazimwa. Hata mtoto wa Jumapili ya Watoto, ile siku watoto wanapoigiza kanisani, angeweza kuutazama.

Peniamina naye, kwa furaha, akanunua tiketi za kwaya nzima. Yeye ndiye mwalimu wa kwaya. Tukakaa mstari wa tatu kwa mpangilio wa sauti zetu, yeye katikati na tai shingoni.

Nilimwona akicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilimwona akijipiga paja. Kisha ikafika pale pa kitambaa. Ianeta akapiga magoti mbele ya Uelese, aliyeigiza huyo mume, akachovya kitambaa kwenye beseni, akaanza kumpangusa paji la uso polepole, huku Uelese akimwangalia. Ukumbi ulinyamaza ukasikia maji yakidondoka. Na hapo mume wangu akasimama, akainamisha mgongo kama anavyofanya mtu mwenye adabu anapopita mbele ya watu waliokaa, akaanza kupenya kwenda nje akiomba radhi kwa sauti ya chini, "Tulou. Tulou."

Sasa kwaya yetu imefundishwa jambo moja: mwalimu akisimama, simama. Wakasimama. Soprano wakainama wakamfuata, "Tulou, tulou," alto tukafuata, maana ungebaki umekaa peke yako ungeonekanaje? Wa sauti ya nne, wanaume wenye miili, ndio waliofunga mkia, wakiomba radhi kwa ngurumo. Mstari wa tatu ukabaki viti vitupu. Jukwaani Ianeta alikuwa bado ameshika kitambaa, mkono umegandia hewani, na ndivyo taa zilivyomzimikia.

Basi ndiyo maana Jumapili ile nilikuwa naogopa chakula cha mchana.

Chakula cha Jumapili huliwa kwa mama mkwe wangu, Mama Fuatino, awe nani amekosana na nani. Nilipoingia jikoni nilimkuta anafungua palusami, ule moshi wa majani ya magimbi na tui la nazi umejaa dirishani. Ianeta alikuwa amekaa pembeni ya friji na miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Vua hayo madude," Mama alikuwa akimwambia. "Unaogopa jua la friji?"

"Macho yananiuma, Mama."

"Yatakuuma. Umelia mpaka saa ngapi?"

Ianeta aliponiona akanipa simu yake. "Wifi, hebu soma. Gazeti la leo."

Nikasoma kwa sauti. Mwandishi Mzungu alikuwa ameusifu mchezo mpaka basi. Alisema jambo la kijasiri kuliko yote ni pale mwongozaji alipowaagiza watazamaji wa mstari mzima wainuke wameinama, wakinong'ona neno moja la siri, watoke nje, "ishara nzito ya jamii inayompa mwanamke kisogo".

Nilijizuia. Nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashika meza, na Ianeta naye chini ya ile miwani akaanza kutetemeka mabega, tukacheka pamoja, halafu katikati ya kicheko nikagundua kwamba mwenzangu amekwisha kuanza kulia tena.

"Kampa nani kisogo?" Mama alifoka. "Mimi nilikuwa mstari wa kwanza, sikutoka! Ila na wewe, Ianeta, una lako. Waigizaji wamekwisha New Zealand nzima mpaka ukacheze mke na mume na ndugu yako?"

"Uelese si ndugu yangu."

"Nimemlisha miaka kumi na moja. Aliyekula chungu changu ni mtoto wangu, na mtoto wangu ni kaka yako. Nimesimama kanisani nikasema hivyo kwa mdomo wangu huu."

"Ulisema wewe, Mama. Mimi nilikuwa Wellington chuoni. Nilirudi likizo nikakuta mwanamume mzima gerejini anakunja nguo zangu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kaka mwingine."

"Peleka hili sinia nje," Mama alisema, "kabla sijasema neno nikalijutia. Makerita, mfuate."

Kumfuata maana yake ni kumlinda. Mama hakusema anamlinda na nini, nami sikuuliza.

Uelese alikuwa nyuma ya gereji, anatoa mawe ya moto kwenye tanuri kwa koleo la mti, lavalava, shuka lake la kiunoni, imefungwa juu ya magoti, majivu mpaka kwenye nyusi. Alikuja nchi hii kijana kutoka kisiwa cha Savai'i, kwetu Samoa, kuchuma tufaha, na msimu ulipokwisha akatafuta kanisa la kwao, akampata Mama. Mama akampa gereji, akampa godoro, akampa shati la marehemu mumewe. Akamfulia na kumgombeza kama tunavyogombezwa wote. Kisha mwaka mmoja kanisani tukafanya vichekesho vya kuchangia paa, Uelese akaigiza mke wa mchungaji anayejidai hataki nyama ya kopo, watu wakaanguka vitini. Ianeta alikuwepo. Alimwangalia hivi, kichwa upande, kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaogopa mwenyewe atatokea. Wiki iliyofuata alimpa sehemu katika mchezo wake, na tangu hapo hajacheza bila yeye.

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikajifanya nachambua majani. Hawakunijali.

"Umelala?" Uelese aliuliza.

"Wewe je?"

"Mimi nalala gerejini, nitakosaje usingizi? Panya wananiimbia."

"Usinichekeshe, Uelese. Leo sitaki."

Akaweka koleo chini. Alijipangusa mikono kwenye lavalava, akaitazama, akaona bado ni michafu, akairudisha nyuma ya mgongo. Nilijua alitaka kumvua ile miwani. Hata mimi nilitaka amvue.

"Nimesoma gazeti," alisema. "Nikafikiri, tuwaajiri kwaya wawe wanatoka kila siku."

"Kaka yangu amenitoka mbele ya watu."

"Najua."

"Busu nililitoa kwa ajili yake! Nimetoa kila kitu, nimebakiza kitambaa na maji. Angetaka nini zaidi, nikuoshe kwa ufagio? Wale wa kampuni ya maigizo ya Melbourne wanataka jibu kesho. Nitawaambia nakuja. Miaka mitatu, kampuni nzima mkononi mwangu, nachagua michezo mwenyewe, na hakuna shangazi wa mtu mstari wa tatu. Nimekuwa nikiiota kazi hii tangu nikiwa nafagia ofisi usiku ili nilipe chuo. Nitakwenda, na hapa Mangere sileti tena mchezo."

"Nenda," alisema Uelese. "Hiyo kazi ni yako. Wameitengeneza kwa kipimo chako."

"Twende wote."

Yeye akainama kuokota jani la mgomba ambalo halikuhitaji kuokotwa.

"Nimekuambia twende wote."

"Nije kama nani, Ianeta?" Sauti yake ilikuwa imeshuka, ile sauti ya ukumbini inayofika mpaka kiti cha mwisho ilikuwa haipo. "Nikija kama kaka yako, nitakufa. Nikija kama mwanamume wako, Mama atakufa. Mama yule pale jikoni ndiye aliyenipokea nikiwa na shati moja. Kanisa zima wananiita mwanawe. Nimwambie nini? Kwamba miaka yote aliyokuwa ananipakulia mimi nilikuwa namtazama binti yake?"

"Ulikuwa unanitazama?"

"Usinifanye nirudie."

"Rudia."

Akamwangalia. Nimeolewa miaka mingi na mume wangu ananipenda, sina la kulalamika, lakini siwezi kusema nimewahi kuangaliwa namna ile. Nilichambua jani moja mpaka likawa nyuzi.

"Kila siku," alisema. "Ukiwa hapa na usipokuwa hapa."

Ianeta akavua miwani mwenyewe. Macho yalikuwa yamevimba mekundu, na kwa macho hayohayo akacheka. "Basi mwambie hivyohivyo."

"Siwezi."

"Jukwaani unaweza kuwa mchungaji, mke wa mchungaji na mbwa wa mchungaji, ila ukweli wa dakika moja huwezi."

"Jukwaani Mama anajua namtania."

"Kwa hiyo nichague," Ianeta alisema. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nibaki hapa niwe dada yako, nikufundishe mistari, nikupanguse uso mbele ya watu jioni mara moja kwa mwaka. Au niende nikawe mkubwa peke yangu. Nikienda, Uelese, naenda kabisa. Sitarudi Krismasi kuja kukutazama ukibeba sinia."

Alichukua sinia, akaligeuza likiwa tupu, akaondoka nalo. Uelese alibaki anatazama mawe. Nikataka kumwambia neno, mimi shemeji yake, nikakosa. "Nyama inaungua," nikamwambia. Ilikuwa kweli.

Mezani walikaa Mama na Peniamina, maana wakubwa hula kwanza. Mimi nilikuwa napakua, Ianeta amesimama nyuma ya kiti cha mama yake anapepea nzi kwa kipepeo cha makuti. Mume wangu alikula kimya. Alikula palusami mbili, akala samaki, akala gimbi kubwa. Kipepeo kilikuwa kinazidi kasi. Mwisho Ianeta hakuvumilia.

"Wifi," aliniambia, na Peniamina yuko mbele yake umbali wa mkono, "hebu mwulize kaka yangu nimemkosea nini."

Kuna mambo kaka na dada hawaambiani ana kwa ana. Yakibidi yasemwe, hupitia kwa mtu, na katika nyumba ile mtu huyo ndiye mimi. Nimebeba ujumbe wao miaka mingi kuvuka meza moja.

"Dada yako anauliza amekukosea nini," nilisema.

Peniamina akaitazama sahani. "Mwambie hajanikosea."

"Anasema hujamkosea."

"Nimesikia! Mwulize basi kwa nini alitoka. Mwambie busu nililitoa. Mwambie nililitoa kwa ajili yake, na lilikuwa zuri!"

"Anasema busu..."

"Makerita," mume wangu akanikatiza, masikio yamemwiva, "hilo neno usilirudie nakula." Akanywa maji. Akaweka kikombe chini, akaanza kusema akimwangalia samaki. "Mwambie wifi yako hivi. Nilikwenda nikijua kuna mambo ya mke na mume. Nilijiandaa. Nilijiambia, Peniamina, hiyo ni kazi ya dada yako kama wewe ulivyo na kazi bandarini, kaa chini umheshimu. Nikaamua pakifika pabaya nitaangalia miguu. Miguu haina aibu."

"Aliangalia miguu," nilimwambia Ianeta.

"Mwambie namjua akiigiza. Ana miaka sita, Jumapili ya Watoto, alikuwa nyangumi aliyemmeza Yona, mimi ndiye niliyemshonea mkia. Tangu siku ile mpaka leo, Ianeta akiigiza, kidole gumba cha mguu wa kulia huwa kimeinuka. Alie, acheke, afe, kidole kiko juu. Mama anajua."

"Najua," Mama alisema. "Baba yako alikuwa anakifunga kwa utepe."

"Jana jioni nzima kilikuwa juu. Nikafurahi, nikajiambia, anafanya kazi yake vizuri. Halafu ikaja ile ya kitambaa." Alikuwa anatokwa na jasho kwenye paji, mwanamume anayebeba makontena. "Nikaangalia miguu yake kama nilivyoamua. Kidole kilikuwa kimelala chini. Mwambie, Makerita. Kilikuwa kimelala kabisa. Dada yangu hakuwa akiigiza. Alikuwa anampangusa uso mtu wake. Na hilo sikualikwa kulitazama, hata kwa tiketi. Ndiyo maana nikatoka. Kwamba kwaya wangenifuata, mimi ningejuaje?"

Sikuwa na haja ya kumrudishia mtu maneno hayo. Kipepeo kilikuwa kimesimama. Nzi mmoja alitua juu ya gimbi la Mama na hakuna aliyemfukuza.

"Mtu wake," Mama alisema polepole. "Mtu gani?"

"Mama, aliyepanguswa ni mmoja."

Na huyo mmoja alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia lingine, la nyama. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Rangi ilikuwa imemtoka chini ya majivu. Aliweka sinia chini sakafuni, palepale, akapiga magoti kando yake.

"Mama," alisema.

"Ni kweli?"

"Mama, mimi sikupanga..."

"Nimekuuliza ni kweli."

"Ni kweli."

Mama Fuatino ni mwanamke mnene wa taratibu, akisimama anasimama kwa awamu. Safari hii alisimama mara moja. "Usiniite Mama tena," alisema. "Toka jikoni kwangu."

Nimeona watu wakipata habari za msiba wakiwa na nyuso bora kuliko uso wa Uelese wakati ule. Hakubisha. Aliinuka, akainama, "Tulou," akatoka kwa mlango wa nyuma. Ianeta alitupa kipepeo.

"Ukimfukuza huyo, Mama, na mimi naondoka. Leo. Siendi hata kuchukua nguo."

"Kaa chini."

"Sikai! Umemlea ili umfanye nini, umweke kwenye kabati? Nampenda! Nimesema, Peniamina kama hutaki kusikia ziba masikio. Nampenda tangu siku aliyovaa ile kofia ya mke wa mchungaji."

Peniamina alikuwa amekwisha kuziba masikio, kwa mikono yote miwili, kama mtoto.

"Umemaliza?" Mama aliuliza. "Nani amemfukuza? Ninyi watu wa maigizo mna haraka. Mwanangu hawezi kuniomba binti yangu. Hilo halipo, duniani wala mbinguni, na mchungaji atanicheka. Kwa hiyo huyo aliyekuwa mwanangu ametoka na mlango wa nyuma, amekwenda zake. Kama kuna mtu mwingine anamtaka Ianeta, mtu wa watu, mwenye kwao, basi nyumba hii ina mlango wa mbele."

Tulibaki tunatazamana. Kisha Ianeta akakimbilia dirishani, akatoa kichwa chote nje. "Uelese! Zunguka! Zunguka mbele!"

Sasa, mlango wa mbele wa nyumba ile ulifunguliwa mara ya mwisho tulipomtoa baba mkwe kwenda makaburini. Sisi wa nyumbani hupita jikoni, na wageni wenye kuheshimiwa hivyo Mama hana. Kochi lilikuwa limeegemezwa mlangoni, juu ya kochi mikeka, juu ya mikeka picha za wajukuu. Peniamina akazibua masikio, akavua tai, akasukuma vyote kwa bega. Funguo hazikuonekana. Mama alizikuta ndani ya sanduku la cherehani, akiwa amekwisha kuvaa kofia yake nyeupe upya, akaketi kwenye kiti cha katikati ya sebule, mgongo wima. Mume wangu akaniambia, "Mimi nipo kwenye gari," akatoka nyuma. Yeye alikuwa amefanya yake.

Mlango ukagongwa.

"Nani?" Mama aliuliza.

"Uelese."

"Uelese ni wengi. Uelese wa nani?"

Nikafungua mlango. Alikuwa amenawa uso kwenye bomba la bustani, nywele zinatiririka, na amevaa koti la kanisani la mume wangu, alilopewa huko garini, mikono imeishia juu ya vifundo. Aliketi chini kizingitini, miguu ameikunja kama mgeni.

"Uelese, mwana wa Tanielu na Sose," alisema. "Wa Sataua, Savai'i."

Mdomo wa Mama ulicheza. Miaka kumi na moja hakuwahi kuyaruhusu majina hayo ndani ya nyumba yake. Nadhani alikuwa ameyasahau, au alitaka kuyasahau.

"Wazazi wako wazima?"

"Wazima. Wananiulizia."

"Umefuata nini hapa?"

Uelese alifungua mdomo. Huyu ndiye aliyewahi kuchekesha ukumbi mzima dakika ishirini umeme ulipokatika, bila taa na bila mistari. Halikutoka neno. Ianeta alikuwa amejibanza kwenye korido, mikono mdomoni, na nikaona anataka kumnong'oneza.

"Asisaidiwe," Mama alisema bila kugeuka.

Nje tulisikia kengele ya gari la aiskrimu likipita mtaani na wimbo wake.

"Nimekuja kumwomba Ianeta," Uelese alisema hatimaye, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Sina mkeka wa posa wa kuleta leo, nitauleta. Sina nyumba. Ninampenda, na yeye anajua. Na kuna jambo lingine lazima ulisikie sasa, nisije nikapewa kwa kudanganya. Nikipewa, sitamkalisha hapa. Ile kazi ya Melbourne ni kubwa, ameitafuta maisha yake yote, na mimi nitakwenda naye. Nitajenga majukwaa, nitapika, nitaigiza akiniona ninafaa. Ila tutaondoka."

Ianeta akashusha mikono. Hilo hakuwa amelitegemea.

Mama alimtazama yule mwanamume kizingitini. Nilimwona anataka kumrekebisha kola ya koti, mkono ukaanza kuinuka, akaurudisha mapajani kwa sababu mgeni hasawazishwi kola.

"Umekuja kuomba mmoja," alisema, "unanichukulia wawili."

"Ndiyo, Ma..." Uelese akajikata. Hakujua amwite nani. Machozi yalikuwa yanamshuka wazi. "Ndiyo."

"Ianeta."

"Abee, Mama."

"Hao watu wa Melbourne, kesho utawaambia nini?"

Ianeta alitoka korido, akaja akapiga magoti pale sakafuni, katikati ya mama yake na mlango. "Nataka kuwaambia nakuja, Mama. Nataka kwenda na huyu. Lakini ukisema hapana..."

"Nikisema hapana utakwenda vilevile, utakwenda unalia. Waambie mnakuja wawili." Mama akainuka, safari hii kwa awamu, akishikilia mkono wa kiti. "Makerita, mpe mgeni chakula. Sahani ile ya maua. Na umkalishe mezani, asije akaanza kuosha vyombo."

Nilipakua. Niliwaacha wale wawili wamekaa mezani bega kwa bega mbele ya sahani moja ya maua, hawali, wanashikana vidole chini ya meza kama watoto wa shule, Ianeta anacheka na kupenga kamasi kwa zamu. Nilitaka nimwite Mama aje awaone.

Hakuwa chumbani kwake. Nilimkuta gerejini. Alikuwa amekaa kwenye godoro la Uelese, kofia bado kichwani, mashati yote ameyatoa kwenye boksi ameyarundika mapajani. Alikuwa anayakunja moja moja. Yaliyochakaa kola aliyaweka upande, mazima upande mwingine.

"Makerita," aliniuliza bila kuinua uso, "Melbourne kuna baridi kuliko hapa?"

Mimi sijafika Melbourne.

"Sana, Mama," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua lile shati la kwanza, la marehemu mumewe, akalinusa, akaliweka kwenye rundo la kusafiri.